Koti la Mkono Mmoja

Mshonaji wa mtaa wetu alikuwa mtu mkimya, lakini jina lililomkaa ni Mama Kelele. Alilipata kwa bintiye, msichana aliyependa bendi moja ya roki mpaka majirani wakazijua nyimbo zake zote neno kwa neno, wapende wasipende. Fundi viatu wa chumba cha pili alikuwa akigonga ukuta. "Kelele, tuonee huruma, masikio yenyewe tunayo mawili tu!" Kelele alicheka, akapunguza kidogo, kisha akaongeza tena.

Mama Kelele hakuwa na mambo ya kuandika oda. Kila aliyeleta kazi alikatiwa kipande kidogo cha kitambaa chake mwenyewe, akaondoka nacho. Siku ya kuchukua nguo alikirudisha, mama akakilinganisha na masalio ya kitambaa aliyobaki nayo. Bila kipande nguo haitoki, hata uwe nani. Kwa hiyo aliposhonewa koti la jinzi jeusi la kuvaa kwenye tamasha la bendi yake, Kelele naye alidai chake.

"Wewe mwanangu, kipande cha nini?"

"Mteja ni mteja, mama. Usije ukampa mtu koti langu."

Koti lilikuwa limebaki mkono wa kushoto tu homa ilipomwangusha Kelele. Hakuinuka tena. Mama yake alimkunjia kile kipande kiganjani, naye akazikwa nacho. Koti lilibaki mezani, mkono umelala pembeni. Fundi viatu alipomshauri alimalizie ili roho itulie, alikataa katakata.

"Nguo ikiisha, mwenyewe huichukua akaenda zake," alisema. "Hii haitaisha."

Siku ya tamasha ilipofika, tiketi ilikuwa bado imechomekwa kwenye kioo cha Kelele. Mama aliitoa. Muziki ule hakuupenda, gitaa tu lilitosha kumuumiza kichwa. Ila mwanawe alikuwa ameisubiri siku hiyo kuliko sikukuu yoyote, na mama hakuweza kuvumilia nafasi yake ikae tupu. Akafunga chumba kwa kufuli, akatia ufunguo kifuani.

Jua lilikuwa bado kali uwanjani. Alisimama katikati ya vijana na gauni lake la msibani, spika zikimtikisa mpaka meno. Alilia bila kujificha, nani angemsikia? Kila wimbo uliopigwa aliujua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwani siku zote alidhani hasikilizi.

Wimbo wa mwisho ulipofika katikati, ngoma zilinyamaza. Dada mmoja aliyekuwa kando yake akamvuta mkono. "Chuchumaa, mama. Ndivyo tunavyofanya. Ngoma zikirudi, tunaruka wote."

Uwanja mzima ukachuchumaa. Kimya.

Mtu mmoja alibaki amesimama.

Alikuwa hatua chache mbele, amewapa mgongo. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemwambia achuchumae. Alivaa koti la jinzi jeusi. Kola ilikuwa imepinda kidogo upande wa kulia, na mama aliijua kola ile, kwa sababu ni yeye aliyeipindisha. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya koti. Wa kushoto ulikuwa wazi. Vinyweleo vilikuwa vimesimama, na jua lote lile.

"Kelele," mama alinong'ona. "Nigeukie, mwanangu. Nikuone."

Hakugeuka. Sauti ilitoka karibu mno, sikioni kabisa.

"Mama, mkono huu nasikia baridi."

Ngoma zikalipuka. Watu wakaruka. Waliposhuka, mbele yake palikuwa na migongo ya wageni tu.

"Umemwona?" alimuuliza yule dada.

"Nani, mama?"

Alifika nyumbani kabla giza halijaingia. Kufuli lilikuwa vilevile. Koti lilikuwa mezani, pale pale alipoliacha. Aliligusa mgongoni. Lilikuwa na joto, na lilikuwa limeloa jasho.

Akakaa kwenye cherehani. Fundi viatu anasema aliisikia ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, na kila iliposimama alisikia kilio. Akagonga ukuta taratibu. "Mama Kelele, kulikoni?"

"Namalizia kazi ya mtu."

Aliushona ule mkono akaurudia, usije ukafumuka huko uendako. Akalitundika koti kwenye msumari wa nyuma ya mlango, mahali pa nguo zinazosubiri wenyewe, akalinyoosha mabega kama alivyozoea kumnyoosha bintiye asubuhi akienda shule. Kisha akatia komeo kwa ndani, akajilaza sakafuni akiuelekea mlango. Alitaka amwone akija. Uso tu, basi. Lakini mwili ulikuwa umechoka kwa kulia, na usingizi ukampitia.

Asubuhi komeo lilikuwa mahali pake. Msumari ulikuwa mtupu.

Juu ya meza, karibu na mkasi, palikuwa na kipande kidogo cha jinzi nyeusi, kimekunjwa vilevile alivyokikunja yeye, kina udongo mbichi. Alikikunjua, akakilinganisha na masalio. Kililingana.

Mama Kelele akakibana kifuani, akalia kwa sauti ambayo mtaa haujawahi kuisikia kwake. Mwanawe alikuja, akachukua nguo yake, na hakumwamsha.