Mume wa Kwenye Bango

Walikutana kwa kugongana, naye aliyegongwa alivimba paji la uso siku tatu. Wapo wanaosema wiki, lakini tusimwongezee. Foleni ya kuvuka mpaka ilikuwa ndefu, mvua inanyesha, na fundi cherehani, gauni la kijani limemganda mwilini, alikuwa amejitwika kichwa cha cherehani yake. Kugeuka tu, chuma kikampata kijana mwenye shati jeupe na kitambulisho shingoni.

"Pole, kaka."

"Kama kaka yako unampiga hivi, adui je?"

"Adui namshonea suruali inayobana."

Kijana alikuwa afisa mradi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamejenga jumba la ushonaji karibu na kizuizi, wanawake wa pande mbili zilizopigana washone pamoja, watoto wapate kula, bunduki zisahauliwe. Fundi akapata nafasi humo, na kabla mvua hazijakatika, simu ilikuwa haimbanduki sikioni, akiongea na kijana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako. Haishibishi."

Wajomba wa kijana, watu wa upande wa pili, wakapanga kuleta posa Jumamosi. Ijumaa likasimamishwa bango kizuizini, refu kupita paa la forodha. Juu, fundi anatabasamu, picha aliyopigwa na mpenzi wake. Chini: "Mjane wa vita anashona amani."

Mjane! Hajaolewa hata ndotoni. Kufika asubuhi, mama yake alishachoka kupokea rambirambi.

"Mwanangu, niambie tu," akanong'ona. "Huyo marehemu mkwe wangu alikuwa nani?"

Wajomba walifika kizuizini, wakasoma, wakageuza. Kama mume alifia vitani, basi waliomuua ni watu wao. Nani apeleke posa kwenye damu?

"Umeniulia mume ambaye sikuwahi kumpikia," fundi alisema kwenye simu.

"Nilipamba ripoti, mpenzi. Wafadhili walitaka kuondoka. Leo hii nawaandikia ukweli."

"Usithubutu! Tuko arobaini mle ndani. Ngoja kwanza niongee na wenzangu."

Hakungoja. Aliandika, akidhani anaokoa mapenzi. Wafadhili wakajibu kwa kufuli mlangoni, naye kazi ikaota mbawa.

Siku ya kuhamisha vyombo mvua ilinyesha tena. Wanawake thelathini na tisa walimpita fundi bila salamu. Kijana alikuja, shingo tupu, akampokea cherehani.

"Wajomba wameelewa. Waje lini?"

Fundi alitazama bango. Hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Yeye wa kule juu bado anatabasamu.

"Mume wangu wa bango, Mungu amrehemu, alilisha nyumba arobaini. Wewe mzima umezilaza njaa kwa barua moja."

"Nilikupenda kuliko wao."

"Najua. Ungenipenda pamoja nao."

Walitembea hadi kizuizini. Pale fundi akainama, akajitwika chuma chake.

"Kaa pembeni, kaka," akasema, "nisije nikakugonga."

Akavuka.