Machozi Nyumbani kwa Katekista

Kila asubuhi kabla ya shule, Renatha aliteremka ziwani Igogo kuchota maji, na mdogo wake Cleophace alimfuata na kidebe chake. Kidebe kile kilivuja na kilifika nyumbani nusu, lakini Cleophace alijigamba kana kwamba amebeba pipa. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kisha surua ikaingia mtaani, na Cleophace akafa.

Baba yao, Mwalimu Anatory, alikuwa katekista, akifundisha watoto dini kanisani. Siku ya msiba, shangazi zao waishio Mkuyuni walianza kuomboleza tangu mlangoni, kama ilivyo desturi ya kwao Bukoba. Mwalimu Anatory aliwanyamazisha. Aliwaambia kwamba mtoto yuko mbinguni, na kulia katika nyumba ya katekista ni kukosa imani. Waumini walimsifu kwa imani yake thabiti. Shangazi walinuna, wakaenda kulia nyuma ya nyumba. Renatha, aliyeamini kila neno la baba yake, alijikaza asilie.

Maskini Renatha! Kila alipokiona kile kidebe, machozi yalimtoka. Jumamosi alikwenda kuungama kwamba amemkaidi baba yake, bila kumweleza padri amemkaidi kwa jambo gani. Kufika Jumatatu, alikuwa amelia tena. Mwishowe alijiona hafai mbele ya Mungu. Jumapili wenzake walipokwenda altareni kukomunika, kupokea mwili wa Bwana, yeye alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa. Hata chakula kilimshinda, akawa anakonda. Mama yake aliona, lakini yeye mwenyewe alikuwa na macho mekundu, na kila alipoulizwa alisingizia moshi wa kuni.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Anatory aliwafundisha watoto, Renatha akiwamo, jinsi Yesu alivyokwenda kwenye kaburi la rafiki yake. Akauliza Yesu alifanya nini alipofika. Mhoja, ambaye siku zote aliwahi kujibu kabla ya kufikiri, alisema alimfufua. Mwalimu akauliza, kabla ya hapo je?

Renatha alisimama.

"Alilia," alisema. "Na alijua kwamba atamfufua. Sasa mbona alilia, Baba? Alikosa imani?"

Darasani hakuwahi kumwita Baba. Mwalimu Anatory aliketi kwenye benchi la wanafunzi, akafunika uso kwa mikono, akalia mpaka mabega yakatikisika.

Jioni ile Renatha alimweleza baba yake kila kitu, kisha akala ugali na samaki mpaka akashiba. Kesho yake alikomunika.

Jumatatu alfajiri, Mwalimu Anatory alikichukua kidebe akafuatana na binti yake ziwani. Walipokwisha kuchota, alisema, "Mwanangu, nilidhani ninalinda imani, kumbe nilikuwa ninalinda sifa zangu. Ukiumia, lia. Mwambie Mungu, na utuambie sisi wazazi wako. Huo si udhaifu wa imani. Dhambi haikuwa yako."

Kidebe kilifika nyumbani nusu, kama siku zote. Mama alikipokea mlangoni, akalia kwa sauti, wala hakutaja moshi.