Aliyeitikia Ghalani

Haya yalimpata Otmar, rafiki yangu wa shule, mwaka sabini na nne. Alikuwa amerudi kwao Ushirombo kutoka chuo kikuu, alikosomea mambo ya akili za watu, na alishaamini kwamba Mungu ni sauti ya baba tu, ambayo mtoto hukua nayo kichwani. Mama yake, Theopista, aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, alimwambia kwamba kila alasiri humsikia marehemu akisali rozari ghalani.

"Mama, unamsikia kwa sababu hutaki aondoke," Otmar alimwambia kwa upole.

"Haya, mwanangu. Basi kaniletee mpunga."

Ghala halikuwa na dirisha. Otmar aliingia, akafunga mlango makusudi, akasimama gizani akisikiliza. Alisikia mchwa wakitafuna boriti, basi. Akaanza Salamu Maria kwa sauti, akaikatiza katikati, ajihakikishie kwamba hakuna wa kuitikia.

Nusu iliyobaki iliitikiwa taratibu, nyuma ya magunia.

Akashuku kuna mtu anamchezea. Akapapasa magunia mpaka ukutani, asiguse mtu. Sauti ikaanzisha sala nyingine, sasa karibu na sikio lake, ikaishia katikati, ikangoja. Otmar akajikuta anaitikia.

Alitoka mbio. Mama yake alikuwa amesimama uani, juani, ungo umemwangukia miguuni.

"Mama, nimemsikia baba!"

Theopista hakuondoa macho kwenye mlango wa ghala.

"Hata mimi nimesikia, mwanangu. Yule si baba yako."