Misumari Saba ya Dhurakot

Nilifika Dhurakot jua linazama, kapu kichwani, kama mgeni yeyote wa mwezi wa Chait. Ndani kulikuwa na mikate ya puri niliyoikaanga mwenyewe, mchele mwekundu na kitambaa cha njano. Kwetu milimani, mwezi huu kila binti aliyeolewa hungoja kapu kutoka kwao. Likija, ana watu. Lisipokuja, mama mkwe hununa mwaka mzima na majirani hucheka.

Ila mimi nililibeba kinyume. Sikumpelekea binti kapu kwa mumewe. Nilimpelekea marehemu, kwenye nyumba aliyozaliwa.

Mnacheka? Chekeni. Hamkumsikia binti yangu.

Munuli ana miaka saba, na sina mwingine. Tangu Chait ianze alikuwa hali chakula. Kila magharibi alitoka, akakaa kizingitini, akatazama njia. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu mzima:

"Kwetu hawajaja?"

Dada yangu aliuliza hivyo hivyo alipokuwa na miaka saba. Mwezi haukuisha tukamzika. Dada yake mama naye vilevile.

Dharam Ram, fundi wa kuita mizimu, alipiga ngoma mpaka vidole vikachubuka. Kisha akaiweka chini.

"Jasuli, mwanangu, uso wa aliyemwingia siuoni. Ni wa upande wa akina mama zako, basi. Nenda kamtafute. Nataka jina lake na mlango wa baba yake. Chait ikiisha hujapata, usinilaumu."

Mama mkwe akacheka. "Ukoo wa mwanamke ni mumewe. Utautafuta wapi, kwenye majani ya ng'ombe?"

"Huko huko," nikamjibu, nikachomeka mundu wangu kiunoni nikaondoka.

Kumtafuta mwanamke wa zamani si mchezo. Wanaume wanahesabiwa mpaka babu wa saba. Sisi kila mmoja ameolewa bonde jingine, na jina limebaki nyuma. Mama alitoka Silkhet. Huko wakanionyesha kwao bibi, Gairar. Huko Gairar, kikongwe mmoja akaniambia kwamba mama yake bibi hakuwa na kwao. Wachungaji walimwokota kichanga, mwaka wa njaa kubwa, zama za Waingereza. Alikuwa njiani, chini ya Dhurakot, amefungwa shela nyekundu yenye damu.

Nikaenda Dhurakot. Ilikuwa siku ya mwisho ya Chait.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Mzee Padam Singh. Alikuwa barazani anavuta kiko, na mkewe, Bachuli, anapepeta mchele. Nikaamkia, nikaeleza. Mzee hata kiko hakukitoa mdomoni.

"Umepotea njia, mama. Ukoo huu tangu babu wa babu ni wanaume watupu. Binti hatukuwahi kuwa naye."

"Hata mmoja?"

"Hata wa dawa."

Bachuli akaacha kupepeta.

Hapo ndipo nikakiona kizingiti. Kilikuwa na misumari saba ya chuma, mikubwa kama kidole gumba, imegongelewa kwa safu na kupakwa mafuta juzijuzi.

"Na hii?"

"Ya kuzuia pepo. Tumeikuta."

"Pepo gani, mzee?"

Akakohoa. Akavuta kiko tena.

Bachuli akanong'ona, macho kwenye ungo.

"Mkwe wangu aliniambia nilipokuja kuolewa. Alikuwepo binti. Kwa mumewe ng'ombe walikufa, wakasema yeye mchawi, wakamfukuza na mimba yake. Akaja hapa, Chait, saa kama hii. Akabisha..."

"Nyamaza, wewe bibi!"

"Akabisha mpaka giza likaingia. Ndani wakashika komeo. Asubuhi damu ilikuwa hapo mlangoni, na alama za kujiburuta mpaka njiani. Mwili haukuonekana. Ndipo wakagongelea misumari, na jina wakalipiga marufuku."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Watoto wangapi wa kwetu wamezikwa kwa sababu ya komeo moja! Nikatua kapu. Nikachomoa mundu, nikachokonoa msumari wa kwanza.

Padam Singh akasimama. "Una wazimu? Ukiing'oa, ataingia!"

"Aingie. Kwani ni kwa nani?"

Krrr... Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mzee alitaka kunishika mkono, nikamgeuzia ncha ya mundu. Akarudi nyuma mwenyewe.

Wa nne.

Wa tano ulipotoka, harufu ya samli ya moto ikanipiga puani. Niliangalia jikoni. Jiko lilikuwa na majivu baridi.

Wa sita... Nyuma yangu nikasikia nyayo. Pekupeku. Zilikuwa zimelowa, zinapanda ngazi ya mawe polepole, kama za mwanamke mwenye mimba.

Wa saba ukagoma. Nilivuta mpaka kiganja kikachanika. Ng'o!

"Jina lake!" nikapiga kelele. "Bibi, nakuomba! Nina mtoto mmoja tu!"

Bachuli alikuwa analia. "Haruli," akasema. "Alikuwa anaitwa Haruli."

Msumari ukachomoka kama jino la mtoto.

Nyayo zikakoma mgongoni kwangu.

Kisha, sikioni kwangu, pumzi ya baridi.

"Kwetu wamekuja?"

Sikugeuka. Nilisema kwa sauti ili hata mawe yasikie.

"Tumekuja, bibi Haruli. Mimi mjukuu wako. Kapu lako hili. Pita ndani, hapa ni kwenu."

Kitu kikanipita. Nikasikia pindo la sketi likiburuzwa. Nikaziona alama za nyayo zenye maji kwenye mawe ya baraza, vidole vimeelekea nyuma, kama vya mizimu. Lakini kuanzia kizingitini kwenda ndani, vidole vilielekea mbele.

Nilipoinua kapu, lilikuwa jepesi. Ndani kilikuwemo kitambaa peke yake, kimekunjwa vizuri.

Nyumbani nilimkuta Munuli anakimbiza kuku. Mama mkwe alisema siku ile ya mwisho, jua linazama, mtoto aliinuka kizingitini, akasema, "Nimefika," akaomba chakula. Alikula mikate mitano.

Misumari nilimpa mhunzi akanifulia mwiko.

Mwezi haujapita, mwana wa ndugu yake Padam Singh, jitu zima la ndevu, akaja mlangoni kwangu. Hakutaka hata maji.

"Mlango wetu haufungiki tena," akasema. "Kila magharibi mtu anakaa jikoni. Haonekani. Anauliza jambo moja tu."

"Lipi?"

"Nani alishika komeo?" Akajifuta jasho. "Mzee hali, halali. Anakuomba, dada, uje na ile misumari."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwonyesha mwiko.

"Wahenga wamesema mkataa kwao mtumwa. Nyinyi ndio kwao, mkamkataa. Mjibuni."

"Aliyeshika amekufa zamani!"

"Basi litajeni jina lake kwa sauti, kama nilivyolitaja la bibi yangu. Sisi tumezika watoto kwa ajili ya komeo lake, na nyinyi mnaogopa kufungua mdomo? Nenda salama, kaka."

Akaondoka, kichwa chini. Nikarudi jikoni nimejaa ushindi, nikachota samli kwa ule mwiko. Munuli alikuwa anatafuna puri, hata hakuniangalia.

"Mama, waambie wasiseme alikuwa mtu mmoja."

"Nani kakwambia mambo hayo?"

"Walikuwa watatu. Anazijua sauti zao." Akalamba vidole. "Kaka zake wawili... na mama yake."

Mwiko ulinidondoka.

Tangu siku hiyo, mimi nami mama wa binti, mlango wangu haufungwi magharibi, hata mvua inyeshe. Mama mkwe ananung'unika kwamba wezi wataingia. Anung'unike.