Barua Pepe ya Mama Rayyan

Hapa kwetu Madibira tunalima mpunga, na hatulimi kwa kubahatisha. Maji yanakuja kwa mfereji, na kila mkulima ana zamu yake. Ukipitwa na zamu, pole yako.

Halfani na mkewe Waridi, mama Rayyan, walipitwa. Mgawa maji wetu, Liberatus, alibadilisha zamu akatangaza kanisani, Jumapili baada ya misa. Halfani ni Mwislamu, angesikia wapi? Tangazo liliwekwa pia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lakini lilifunikwa na picha za maua na "Jumapili njema" mia na kitu. Jumatano Waridi alikuta jaruba lao limekauka hadi kupasuka na mpunga umeanza kuwa njano. Ndilo shamba lao pekee. Alilia palepale.

"Nisamehe, mama Rayyan," Liberatus alimwambia kwa aibu. "Nilidhani nimewaambia wote. Maji yako sasa ni Jumamosi."

Jirani yao Evarista, mwalimu wa shule ya msingi, alisikia habari hiyo. Jioni akaenda kwao.

"Kamwene!" alisalimia. "Tuanzishe orodha ya barua pepe ya mtaa," akasema. "Anwani inakuwa moja. Liberatus akiiandikia, barua inatufikia wote, kanisani uende usiende."

Halfani akacheka. "Barua pepe si ya wanaoomba kazi, mwalimu? Mimi nitaitoa wapi?"

"Unayo tayari. Si ulifunguliwa siku uliponunua hiyo simu?"

Kweli alikuwa nayo. Neno la siri tu ndilo alilisahau, na mwalimu akamsaidia kuweka jingine.

"Hili usimpe mtu," Evarista alionya. "Halafu, huku hatutumi salamu wala maua. Ni mambo ya mtaa tu: maji, mikutano, chanjo. Kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. Ukitaka barua ya mwezi uliopita, unaitafuta, unaipata."

"Na wasio na simu kubwa?" Waridi aliuliza.

"Tutabandika nakala pale kwenye ghala la mpunga."

Tulianza watu kumi na wawili. Baada ya wiki mbili tulikuwa sitini na mmoja. Mpunga wa Waridi ulipata maji ukainuka, ingawa wa pembeni ulibaki dhaifu.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya zamu yao, mfereji ulibomoka. Maji yakakimbilia barabarani. Halfani alishika kichwa. Waridi alishika simu. Kichwa cha barua yake kilisema: "Mfereji umebomoka karibu na daraja dogo." Chini aliandika: "Njooni sasa na majembe na viroba vya mchanga."

Kabla jua halijawa kali, watu arobaini walikuwa wamefika. Walikuwepo wa kanisani, wa msikitini, na wale wasiokwenda popote. Kufikia adhuhuri ukingo ulisimama imara, na maji yakaenda mpaka mashamba ya mwisho.

"Nani kaandika ile barua?" aliuliza mzee Yohane, mwenye shamba la chini kabisa. "Imenyooka kweli."

Halfani alikuwa na tope mpaka magotini. Akajinyoosha, akasema kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mfereji: "Kaandika mke wangu! Waridi, mke wangu!"

Msimu ule tulivuna wote, wa juu na wa chini.