Wembe na Mpigaji Aliyeachwa

Siku Wembe alipokaukiwa na sauti, waliofurahi walikuwa wengi kuliko waliosikitika. Alikuwa mtangazaji wa kriketi redioni, na jina hilo alipewa na wasikilizaji wenyewe, kwa kuwa hakuna mchezaji aliyepita mbele ya kipaza sauti chake akatoka bila mkwaruzo. Mrushaji mmoja alimfananisha na mtu anayetupa takataka za jirani. Nahodha alimwita mgeni rasmi, kwa vile alikuja uwanjani kukaa na kupigiwa makofi. Aliwadharau wachezaji, akawadharau zaidi viongozi wao, na wasikilizaji waliomwandikia kumsifu aliwadharau kupita wote, ingawa ujumbe wao aliusoma hadi nukta ya mwisho.

Asubuhi hiyo aliingia duka la dawa la mtaa wa mabenki, amevaa gauni la rangi ya damu ya mzee lililomkaa sawasawa, skafu ya hariri shingoni, na viatu vya kisigino vilivyotangulia kubisha hodi kabla yake. Duka lilikuwa limefurika. Watoto walikohoa mapajani mwa mama zao, na mzee mmoja alikuwa akibishana kuhusu vidonge vyake vya presha. Wembe na foleni hawakuwahi kuelewana. Alipita pembeni, akaegemea kaunta, akamwita mfamasia kwa kidole.

Mfamasia alikuwa kijana mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Hakuinua macho. Alimweleza mzee matumizi ya vidonge mara mbili, taratibu, kama mtu mwenye mchana mzima mkononi, ndipo akamgeukia Wembe na kumuuliza anaumwa wapi. Wembe akanong'ona, akigusa koo. Juu ya rafu, redio ndogo ilikuwa ikirudia kipindi chake cha Jumamosi.

“Hii ya kusukutua,” mfamasia alimwambia. “Na unyamaze siku tatu. Usipoangalia utafikia hali ya huyo.” Akaionyesha redio kwa kidevu.

“Huyo ana nini?” Wembe alinong'ona.

“Koo lake zima. Mdomo ndio mgonjwa. Alisema mimi napiga mpira kama mtu anayepanga vyombo kabatini akiogopa kumwamsha mgonjwa.”

Wembe akamtazama upya. Alishamwona mara nyingi, lakini kwa mbali, kichwa kimemezwa na kofia ngumu na miguu imefungwa pedi. Kumbe ndiye Gundi, mpigaji wa kufungua mchezo wa timu ya taifa, aliyeitwa hivyo kwa sababu akishasimama mbele ya vijiti vya wiketi habanduki.

“Nilisema mtoto,” alinong'ona. “Akiogopa kumwamsha mtoto.”

Mkono wa mfamasia ulisimama juu ya chupa. Kisha akatabasamu, tabasamu lililochukua muda wake kama kila kitu chake. “Basi rudi nyuma ya foleni, bibie. Kuna watu ulowakuta.”

Na Wembe, ambaye hakuwahi kurudi nyuma ya kitu chochote, alirudi.

Jioni ile Gundi alimpigia simu, kwa namba aliyoiandikisha dukani. Kwa kuwa mgonjwa alikatazwa kuongea, waliafikiana agonge simu kwa ukucha, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Gundi alimsimulia kuhusu wateja wake, kuhusu mama yake mdogo aliyemlea na ambaye mpaka leo aliamini kriketi ni ugonjwa wa kazini, na kuhusu jinsi anavyoona mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji. Alimuuliza kama anamchosha. Ukucha uligonga mara mbili. Sauti ilipomrudia, Wembe aliendelea kwenda kununua dawa ya koo, hadi wahudumu wakaanza kumsalimia shemeji.

Wakapendana. Wembe alimtania kwamba kumbusu mtu mwenye haraka kunachukua dakika, kumbusu Gundi kunahitaji kuomba ruhusa kazini. Gundi alimwita mama maneno, na akimkasirikia alimwita kwa wadhifa wake: mheshimiwa mtangazaji. Uwanjani Wembe alimtangaza kama alivyomwona. Na alichokiona, kusema kweli, kilikuwa kizuri.

Ukafika msimu wa kuchagua wapigaji wa ziara ya ng'ambo. Kamati ya uteuzi ilikuwa ya watu watatu, na Wembe hakuweza kuwataja bila midomo kupinda. Mwenyekiti alivaa koti la timu lenye nembo kifuani, ingawa mara ya mwisho kushika gongo la kriketi alilishika kupigia picha. Wa pili alikuwa daktari wa mifugo, aliyewakagua wachezaji miguu na meno. Wa tatu hakuna aliyejua aliingiaje. Ukimwuliza maoni yake, alimtazama mwenyekiti usoni kuona kama anayo.

Nafasi za wapigaji zilikuwa sita, na tano zilijulikana hata na wauza karanga wa getini. Ya sita ilikuwa kati ya Gundi na kijana aliyeitwa Kioo, kwa vile alijitazama kwenye kila kitu kinachong'aa, pamoja na upande wa gari linalopita. Kioo alipiga mpira kwa nguvu, mbali, mara tatu, kisha akatolewa. Huko waendako mipira hudunda juu na kupinda, na anayefaa ni yule mwenye subira ya kuiacha ipite. Kila mtu alijua hivyo. Ila Kioo alikuwa amemwoa binti wa mwenyekiti.

Siku moja kabla ya mechi ya majaribio, mkuu wa michezo wa redio alimwita Wembe ofisini. Alikuwa mtu wa kuzungukazunguka, akasifu kwanza gauni, kisha kipindi, mwishowe akatema: watu wanasema Wembe amekuwa butu. Wanasema anamtangazia mchumba wake.

Angemwita mlevi, Wembe angecheka. Neno hili lilimwingia. Usiku kucha alijigeuza kitandani, na kesho yake alipoingia kibanda cha watangazaji, miwani myeusi usoni na rangi ya mdomo imekolea, alikuwa ameamua.

Gundi alipiga siku nzima. Warushaji walibadilishana, jua likahama jukwaa, yeye yuko palepale, anaacha mpira huu, anausukuma ule, alama za mikimbio zikiongezeka kidogokidogo. Ulikuwa upigaji bora kuliko wote Wembe aliouona kwake. Naye aliwaambia wasikilizaji hivi: “Mlio njiani msiwe na wasiwasi, mkifika hamtakuwa mmekosa kitu. Gundi anazeeka vizuri. Ng'ambo wanahitaji mpigaji, na sisi tunataka kuwapelekea mlinzi wa usiku.”

Fundi mitambo alicheka hadi akavua vifaa vya masikioni. Wembe alijisikia vibaya, kisha akajisikia hodari, akachagua kubaki na hilo la pili.

Siku ya kutangaza timu, mwenyekiti alisimama mbele ya waandishi, vifungo vya koti vikivutana. Alisoma majina matano ya wapigaji, akakohoa, akasoma la Kioo. Mwandishi mmoja akauliza kuhusu Gundi. Mwenyekiti akafurahi, kama aliyekuwa akisubiri swali hilo. Alisema kamati haina ubishi na wataalamu, na hata mtangazaji mashuhuri, ambaye sote tunajua yuko karibu na kijana huyo, amekiri hadharani kwamba ni mlinzi wa usiku.

Gundi alipiga simu jioni. Sauti yake ilikuwa ileile, haikupanda.

“Nakuuliza kitu kimoja. Uliamini ulichosema?”

Hapo neno dogo lingetosha. Wembe alilisikia likimpanda kooni, akalimeza. “Nilikuwa kazini,” alisema.

“Na mimi nilikuwa kazini. Ila mimi sikudanganya mtu.”

Simu ikakatika. Alingoja ilie tena, haikulia. Alimdharau Gundi kwa kununa, akamdharau kwa kutopigania nafasi yake, na alipokosa la kumdharau nalo zaidi akaenda kwa dada yake.

Dada yake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na hakuwa na uvumilivu na watu wazima wanaolia. Alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akamuuliza kama alimsema vibaya Gundi kwa sababu alipiga vibaya. Wembe akasema hapana. Basi kwa sababu gani?

“Ili wasiseme nampendelea.”

“Nani hao?”

Wembe akataja mkuu wa michezo, akataja watu wa mitandaoni, akataja mwenyekiti.

“Watu hao hao unaokuja hapa kila wiki kuniambia hawafai kuchunga hata kuku,” dada yake alisema. “Ukamchoma mwenzio ili wao wakuone mwema.” Akaendelea na mchele wake.

Jumamosi mwenyekiti alialikwa kwenye kipindi kuja kujisifu. Aliketi mbele ya Wembe, manukato yake yakijaza studio, akaeleza jinsi kamati ilivyokesha kwa uchungu wa kuchagua. Wembe alimwacha amalize. Kisha akamuuliza nafasi ya sita walitumia kigezo gani. Mwenyekiti akacheka, akasema kigezo ni wewe mwenyewe, dada yangu, maneno yako.

“Mtangazaji huyo alidanganya,” Wembe alisema. “Namfahamu vizuri.”

“Sasa adanganye kwa nini?”

“Kwa sababu anampenda yule mpigaji, na aliogopa watu wasije wakasema. Wewe umemteua mkweo na hukuogopa chochote. Hapo nakuvulia kofia.”

Kabla mwenyekiti hajapata pumzi, mkuu wa michezo aliweka muziki. Hadi jioni Wembe alikuwa amesimamishwa kazi, na safari yake ya kwenda kutangaza ziara amepewa kijana wa taarifa za hali ya hewa. Mji mzima ulizungumza. Simu ililia hadi ikapata moto, wote wakimpongeza. Yule mmoja hakupiga.

Alivumilia, akashindwa. Alimkuta Gundi uwanjani alasiri, kwenye nyavu za mazoezi, akipiga mipira aliyorushiwa na rafiki yake. Wembe alikatiza nyasi kwa viatu vya kisigino vilivyozama kila hatua, pindo la gauni lake la njano amelishika mkononi. Rafiki mtu akaona hali ya hewa, akakumbuka ana shughuli.

“Hukusikia Jumamosi?” Wembe alianza.

“Nilisikia. Ulikuwa hodari sana.”

“Nimepoteza kazi kwa ajili yako.”

“Umepoteza kazi kwa sababu ulitaka kumkomesha mwenyekiti. Ukamkomesha, watu wakakupigia makofi.” Gundi aliegemeza gongo kwenye wavu. “Nchi nzima umeiambia. Mimi namba yangu unayo.”

Wembe alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, kali, zuri, lenye kuchekesha. Aliona jinsi litakavyomkata, akaona pia kwamba Gundi anaona linakuja na amesimama vilevile analingoja. Akaliacha lipite.

“Ulipiga vizuri siku ile,” alisema. “Sijaona mtu akipiga vile. Nilijua wakati naongea kwamba naongea uongo, na nikaendelea. Nisamehe.”

Alizoea kusikia sauti yake ikiwa na watu nyuma yake. Hapa ilitoka nyembamba, haina pa kushika. Gundi alivua glavu zake moja moja, taratibu kama kawaida yake, na Wembe alikaribia kulia kabla hajamvuta kifuani, pedi zake za miguu zikimgonga magotini.

Ziara ikaanza, na mambo yakawa kama kamati yenyewe ilivyoyaandaa. Mechi ya kwanza Kioo alitolewa na mpira wake wa kwanza, kipindi cha pili akatolewa na wa tatu, na gazeti likaandika kwamba amejirekebisha. Mechi iliyofuata mpigaji mwingine alivunjika kidole. Mwenyekiti mwenyewe akapiga simu, Gundi akiwa sebuleni kwa dada wa Wembe, akasema kwa sauti ya asali kwamba taifa linamhitaji. Wembe, kando, alikuwa akimpa majibu kwa ishara za mikono ambazo mtu wa heshima hawezi kuzieleza.

“Nakuja,” Gundi alisema.

Simu ilipokatwa Wembe akawaka. Hivi hivi tu? Wasiombe hata radhi?

“Wembe, mimi nataka kupiga mpira. Wewe ndiye unayetaka wapige magoti.” Akamshika mkono. “Kitu kingine. Sitaki kuondoka hapa nikiwa mchumba wa mtu.”

“Unaniposa, au unapunguza mizigo?”

“Nakuposa. Taratibu, ndivyo nilivyo, lakini ndege ni Ijumaa.”

Alhamisi walifunga ndoa kwa msajili, mama mdogo na dada wakiwa mashahidi, bibi harusi amevaa nyeupe iliyoshonwa kwa haraka na bado ikavuta macho. Kesho yake bwana harusi akaondoka, na Wembe akaanza fungate yake kwenye kochi la dada, ubavuni mwa redio, akimsikiliza kijana wa hali ya hewa akimtangaza mumewe kana kwamba ni wingu.

Gundi aliingia timu ikiwa hoi. Akasimama. Alisimama asubuhi, mchana akawa bado yupo, na jua la huko lilipozama mechi ilikuwa imeokoka, sare, na warushaji wa wenyeji wanamkimbilia kumpa mkono. Mara moja tu aliteleza, akaufuata mpira wa pembeni ambao alipaswa kuuacha, akaponea chupuchupu. Mwenyekiti alihojiwa, akasema kipaji hicho alikiona yeye tangu zamani. Wembe aliirushia redio mto.

Simu ikalia.

“Umesikiliza?” Gundi aliuliza. Alikuwa amechoka hadi sauti inaburuzika.

“Mwanzo hadi mwisho.”

“Haya, mheshimiwa mtangazaji. Nipe.”

“Ule wa pembeni ulikuwa makosa.”

“Najua.”

“Mingine yote ulipiga vizuri sana, mume wangu.”

Gundi akangoja mkwaruzo. Wembe alisikia pumzi zake, na nyuma yake kelele za wachezaji wakiimba.

“Halafu?” akauliza.

“Halafu nini?”

“Umemaliza?”

“Nimemaliza,” alisema Wembe. “Nenda kaoge, ule, ulale.”