Kifurushi Kilichokataliwa Kalamba

Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kompyuta ya kikundi cha kitalu cha miche pale soko la Kalamba iligoma katakata. Ndila, fundi wa kompyuta kutoka mji wa Wote, alikuwa amebonyeza kuweka programu ya kusoma ramani. Badala yake alitemewa mistari mitano myekundu. Wa kwanza ulisema: *Saini haikubaliki.* Wa pili: *Kifurushi hakijathibitishwa.* Kwenye pembe ya kioo saa ilionyesha 2:40. Ndila aliitupia jicho, maana saa nne kamili Chifu angefika.

"Inasema nini?" aliuliza Mama Mbithe, mwenyekiti wa kikundi.

"Inasema haiamini hii kitu nimeiletea, mwaitu," Ndila alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Aiya! Na ramani?"

Ramani ndiyo iliyokuwa roho ya mambo. Wanawake thelathini walikuwa na miche elfu nne ya maembe kwenye ploti ile, na Kyule, katibu wa kikundi, alidai ploti ni ya ukoo wake. Chifu alitaka kuona vipimo vya mpima ardhi kwa macho yake. Vipimo vilikuwemo kwenye flashi ya Mama Mbithe, lakini bila programu havikufunguka.

Kompyuta ile ilitumia mfumo huria, ule usiouzwa, nao una ukali wa mlinzi wa benki: kila programu huja ikiwa kifurushi chenye saini, na saini ikitiliwa shaka, haingii mtu. Kwa kuwa mtandao wa pale sokoni ulikuwa umekatika tangu Jumanne, vifurushi vililetwa kwa hard disk na Abdifatah, mwenye duka la kompyuta Wote. Alikuwa amekaa mlangoni, kofia ya pikipiki mapajani.

"Mimi nilisema," alidakia Kyule. Mzee huyu alikuwa ameandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka ishirini, na ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa ofisi. Walimkuta ameshafungua. "Huyo amewaletea virusi. Mtu wa mbali huwezi jua nia yake."

"Mzee, mimi nimeishi Wote miaka kumi na sita," Abdifatah alijibu kwa hasira. "Hiyo disk nimeijaza leo. Orodha ya vifurushi imetiwa saini leo alfajiri, saa kumi na moja. Ndila, ipime. Nikiwa mwongo nifukuzwe soko."

Ndila hakupenda kumshuku rafiki, lakini kazi ni kazi. Alitoa laptopu yake yenye mfumo uleule, akachomeka diski ileile, akaomba kifurushi kilekile. Saini ikakubaliwa. Programu ikaingia, ramani ya kwenye flashi ikafunguka, na ploti ya kitalu ikaonekana wazi, namba na mipaka yake, kwa jina la kikundi.

"Disk iko safi," alisema. "Pole, ndugu yangu."

Mama Mbithe alipiga kigelegele kifupi. Kyule hakutikisika. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu.

"Ramani ni ya mwaka jana. Hizi ni kumbukumbu za tarehe kumi na nne Machi mwaka huu. Wanachama walikubali ploti irudi kwa ukoo wangu. Kama mnafikiri nimeandika jana, faili iko kwa hiyo mashine. Angalieni tarehe."

Ndila aliangalia. Faili ilikuwa ya 14 Machi.

"Machi hatukukutana hata siku moja!" Mama Mbithe alisema kwa kilio. "Tulikuwa na matanga!"

"Mashine haina jamaa wala rafiki," Kyule akasema.

Neno hilo lilimkaa Ndila kichwani. Kweli, mashine haina rafiki. Basi kwa nini diski iliyokubaliwa na laptopu ilikataliwa na hii? Alirudi kwenye ile mistari mitano. Aibu ilimshika: alikuwa amesoma miwili tu, kama mtu anayesoma bahasha akaacha barua. Mstari wa tano ulisema: *Orodha hii bado haijaanza kutumika. Itaanza baada ya saa mbili na dakika ishirini.*

Haijaanza kutumika? Imetiwa saini alfajiri! Alitazama pembe ya kioo. Sasa ilionyesha 3:45. Nje, redio ya kinyozi ilikuwa ikitangaza saa tatu na dakika arobaini na tano.

"Uuwi!" Ndila aliruka hadi kiti kikaanguka. "Saa! Ni saa!"

Alifungua daftari la mfumo, pale kompyuta inapojiandikia kila jambo inalofanyiwa, akasoma kwa pupa. Mara Chifu akaingia, akavua kofia na kuketi.

"Chifu, nipe ruhusa nimuulize Mzee Kyule maswali matatu."

"Uliza."

"Mzee, leo ulifungua ofisi saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kuna mtu mwingine aliingia kabla yetu?"

"Nani aingie? Ufunguo ni wangu."

"Na kazi yako uliimaliza saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano. Niliangalia saa ya mkono. Kwani ni kosa?"

"Kosa ni pale ulipoandika saa." Ndila aligeuza kioo kuelekea kwa Chifu. "Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili asubuhi kwake ni 8:00. Daftari linasema leo, saa moja na robo, mtu alirudisha tarehe hadi 14 Machi. Faili ya kumbukumbu ikaandikwa. Kisha akarudisha tarehe ya leo, na saa akaandika 2:05, kama anavyoandika kwa kila mkutano: ulianza saa 2.00 asubuhi. Sisi sote tukaona ni sawa, kwa sababu nasi tunasema saa mbili. Lakini mashine iliamini ni usiku bado. Kifurushi cha saa kumi na moja alfajiri ikakiona kimetoka saa ambayo bado haijafika, ikakataa."

"Huo ni ujuzi wa vitabu," Kyule alisema, akianza kuikunja tena karatasi yake.

"Basi hii si ya vitabu. Faili yako imeandikwa na toleo la programu ya kuandikia ambalo mimi mwenyewe niliweka hapa mwezi wa sita. Machi halikuwepo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kyule ilikuwa imefika ukutani. Aliketi kama mzigo ulioachiwa.

"Baba aliwapa hiyo ploti mwaka wa ukame," alisema. "Hakuniuliza. Kila asubuhi nafungua hii ofisi, naona miche inamea kwa udongo wa baba yangu, na kwa bango la kitalu hakuna jina lake hata kidogo. Nani angejua alikuwepo?"

Mama Mbithe alimgeukia. Alikuwa na hasira, na huruma pia, na zote zilionekana usoni.

"Ungesema jina, Kyule, tungelipaka kwa rangi siku hiyohiyo. Wewe ukachagua kutuibia."

Chifu alichukua karatasi, akaitia kwenye faili lake pamoja na ufunguo wa ofisi. Alisema ploti ni ya kikundi, na mengine yatasikizwa kituoni. Ndila alirekebisha saa ya mashine: 9:58. Akabonyeza tena. *Kifurushi kimethibitishwa.* Abdifatah alicheka kwa sauti, mara ya kwanza asubuhi ile.

Mama Mbithe alifungua kitabu cha kumbukumbu kwenye ukurasa mweupe, akakisukuma mbele ya Kyule.

"Andika ya leo. Anza na saa, kama kawaida yako. Andika ukweli, halafu uache kalamu mezani."

Mzee aliitazama saa yake ya mkono kwa muda mrefu. Kisha akaandika: *Mkutano ulianza saa 4.00 asubuhi. Wote walikuwepo.*